Treni ya Saa Nne na Dakika Saba

Dada yangu Mererid alinipa masharti kwa simu:
angalia mafundisho, alisema, angalia kwaya,
angalia kama wana darasa la watoto.
Akanyamaza. Akakumbuka
kwamba mtoto wangu ana miaka thelathini na minne
na ndevu.

Tulihamia huku baada ya kumzika baba yake,
mji uliochonga mlima ukauza mapaa dunia nzima
na wenyewe ukabaki unavuja.
Kila kona kanisa. Moja sasa ni duka la mazulia.

Jumapili ya kwanza tulikwenda penye mnara.
Vioo vya rangi, kinanda cha mabomba
kikinguruma hadi kwenye mifupa. Nililia, sitaficha.
Emrys naye alifurahi, na akifurahi hupaza:
"Treni! Treni inakuja!"
Shingo arobaini ziligeuka pamoja,
zikarudi pamoja, kama mlango.
Hakuna aliyetutukana.
Mama mmoja aliusogeza mkoba wake.

Ya pili, ukumbi uliokuwa sinema.
Hapo tulikumbatiwa kabla hatujavua makoti.
Kahawa, keki, fomu ya kujaza, taa za zambarau.
Kijana mwenye kipaza sauti akaweka kiganja
juu ya utosi wa mwanangu, akaamuru
kilichomo kitoke.
Hakikutoka. Ni Emrys, nikasema, ndiye aliyemo.
Walikuwa wema, nasema kweli.
Jina lake tu hawakuwa wameliuliza.

Nikakaa nyumbani wiki tano.
Nikajiambia Mungu yuko hata jikoni,
jambo ambalo ni kweli
na ambalo halikunisaidia.

Ya tatu, mvua ndiyo iliyotuingiza, si imani.
Watu saba. Ndoo chini ya dari: to, to.
Bi Eluned, mkaguzi wa kodi mstaafu,
alisoma mahubiri kama hesabu za mtu mwingine.
Nikasinzia, Mungu anisamehe,
nikaamshwa na sauti niijuayo:
"Treni! Treni inakuja!"

Nikapapasa koti. Mkono wa pili haukupatikana.
Na kabla sijasimama, kutoka benchi la mbele,
mtu aliyevaa viatu vya kazi siku ya Bwana
akauliza, bila hata kugeuka:
"Ya saa ngapi?"

Kimya. Ndoo ikapokea tone.
Miaka thelathini na minne,
na hakuna aliyewahi kumuuliza mwanangu
swali linalofuata.

"Saa nne na dakika saba."
"Basi leo imechelewa," akasema yule mtu,
na Bi Eluned akangoja, kidole juu ya mstari,
kisha akaendelea na Habakuki.

Siwezi kukwambia wanaamini nini kuhusu ubatizo.
Niliuliza; wakabishana wenyewe kwa wenyewe
hadi chai ikapoa.
Uimbaji wao unasikitisha. Choo hakina taa.
Wiki iliyofuata yule mtu, Idwal,
alileta ratiba ya reli ya mwaka uliokwisha zamani,
kaikunja ndani ya kitabu cha nyimbo,
na tulipokosa kwa ajili ya mafua
waligonga mlango na supu,
mabakuli mawili, moja halina vitunguu.
Nani aliwaambia? Emrys.
Lini? Alikuwa akiwaambia siku zote,
katikati ya treni.

Mererid anapiga tena: na mafundisho, je?
Namwambia jengo litauzwa kabla ya Pasaka,
tutahamia sebuleni kwa Bi Eluned,
kuna paka.
"Sikukuuliza hilo."
Najua, dada.

Usiku kumeanguka theluji.
Emrys yuko mlangoni tangu alfajiri,
kiatu cha kulia mguu wa kushoto,
ratiba kwapani.
Tutachelewa, ananiambia, tutachelewa,
nami bado natafuta glavu moja.